Kemia Husomwa kwa Kalamu

Mwanafunzi anayeshindwa mtihani wa kemia chuoni mara nyingi si mvivu. Nimefundisha na kusahihisha somo hili muda wa kutosha kuwafahamu. Ndio wanaowahi vimbweta kabla jua halijatoka, daftari limepigwa mistari ya rangi tatu, madesa ya mihadhara yote yamechapwa na kupangwa vizuri kwenye faili. Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, ule tunaouita UE, watakuambia kwa moyo mweupe kwamba topiki zote wamezimaliza. Kisha karatasi inafunguliwa, swali la kwanza linawataka wachore hatua za mmenyuko waliouona mara nyingi, na mkono unakwama baada ya mshale wa kwanza.

Wamesoma kwa macho, na chumba cha mtihani kinadai mkono. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili, uwe unasomea sayansi, ualimu, famasi au uhandisi, na muhula unaelekea ukingoni.

Suluhisho lililokwisha kuandikwa na mwalimu lina hila yake. Kila mstari unafuata ule wa juu yake bila kigugumizi, akili inaitikia kila hatua, unafungua ukurasa wa pili ukiamini umeelewa. Ulichofanya ni kutambua kitu ukikiona, na hiyo haitoshi pale utakapotakiwa kukitoa kichwani mwenyewe. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya habari. Kundi moja lilisoma kifungu kwa awamu 4. Kundi jingine lilisoma awamu 1, likakiweka pembeni, kisha likaandika linachokikumbuka kwa awamu 3. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliorudia kusoma walibakiwa na asilimia 40, waliojipima walikuwa na 61.

Tazama vizuri tarakimu za mwanzo, maana ndizo zinazotupoteza. Ukimaliza kusoma kwa kurudiarudia unajiona uko vizuri, na kweli kwa dakika hizo 5 uko vizuri. Anayejipima anajiona mjinga, anakwama, anakasirika, na yeye ndiye anayejenga kumbukumbu itakayofika siku ya mtihani.

Kwa hiyo badili namna unavyokaa mezani. Soma sehemu fupi ya mhadhara, kurasa 3 au 4, funga, chukua karatasi tupu uandike ulichosoma: milinganyo, michoro, sababu. Ukikwama usikimbilie kufungua. Kaa na swali dakika 10, jaribu njia mbili, andika hata unachokitilia shaka. Ikishindikana kabisa, fungua uangalie mstari uliokukwamisha tu, funga tena, uanze upya kutoka juu mpaka mwisho. Keshokutwa rudia swali hilohilo bila kuangalia. Ukilimaliza, ndipo ulihesabu kuwa lako.

Ngoja nikuonyeshe kwa swali la kawaida kabisa. Una mililita 50 za asidi ya ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, yenye ukolezi wa 0.10 M. Umeongeza mililita 20 za NaOH ya 0.10 M. pKa ya asidi ni 4.76. Tafuta pH.

Wengi hukimbilia kanuni. Wewe, kabla hujagusa kalkuleta, jiulize ndani ya chupa kumetokea nini. Asidi ilikuwa milimoli 5.0, besi milimoli 2.0. Besi yote imemenyuka na kumaliza asidi kiasi kilekile, zimebaki milimoli 3.0 za asidi na zimezaliwa milimoli 2.0 za ethanoeti. Hiyo ni bafa. Asidi ni nyingi kuliko chumvi yake, basi pH lazima iwe chini ya 4.76, lakini si chini sana, kwa kuwa viwili hivyo havijapishana mno. Sasa ndiyo uandike: 4.76 + log(2.0/3.0), inatoka 4.58. Jibu limeangukia pale ulipolitarajia. Aliyegeuza sehemu juu chini atapata 4.94, na kama hakujiuliza mwanzoni, atalipigia mstari na kuendelea na safari.

Usiliache swali hapo. Lisumbue zaidi. Ikifika mililita 25 za NaOH itakuwaje? Asidi na chumvi zinalingana, logi ya 1 ni sifuri, pH ni 4.76 na hujatumia kalkuleta. Ikifika 50? Asidi imekwisha, imebaki ethanoeti peke yake, milimoli 5.0 katika mililita 100, nayo ni besi dhaifu. Fanya hesabu utapata pH ya 8.73 hivi. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini maabara ulipewa fenoftalini, inayobadilika rangi kati ya 8.2 na 10, na hukupewa methili chungwa, inayobadilika kati ya 3.1 na 4.4, yaani mapema mno kabla asidi haijaisha. Swali moja limekufundisha bafa, hidrolisisi ya chumvi, umbo la grafu ya titresheni na uchaguzi wa kiashiria. Maswali machache yaliyosumbuliwa namna hii yana faida kuliko daftari zima la majibu uliyonakili kwa mwenzako.

Oganiki ndiyo inayotisha wengi, na ndiyo inayoadhibu ukariri kuliko tawi lolote. Mwanafunzi anaorodhesha mimenyuko 100 na zaidi, anaikariri kama majina ya watu, kisha mtihani unaleta molekuli ambayo hakuwahi kuiona. Lakini karibu kila mmenyuko wa mwaka wa kwanza na wa pili unajibu swali moja: elektroni zinatoka wapi, zinakwenda wapi? Mshale uliopinda unaonyesha safari hiyo. Unaanzia penye elektroni, kwa mfano jozi pweke ya oksijeni au naitrojeni, au bondi ya pai. Unaishia kwenye atomi yenye upungufu.

Kosa ninalokutana nalo kila msimu wa kusahihisha ni mshale unaoanzia kwenye H⁺. Ioni hiyo haina elektroni hata moja, itatoa nini? Mwanafunzi aliyechora hivyo amekumbuka sura ya picha bila kujua picha inasema nini, na msahihishaji analiona hilo mara moja. Kosa la pili ni kaboni yenye bondi 5. Kila umalizapo hatua, hesabu bondi za kila kaboni uliyoigusa na uangalie chaji. Ni sekunde chache, na zinaokoa alama nyingi.

Chukua ule ubadilishaji wa halojeni unaowachanganya watu. Bromomethani ikikutana na OH⁻, kaboni yake iko wazi: OH⁻ inaingia kwa nyuma huku bromini ikitoka kwa mbele, hatua 1 tu, na kasi inategemea ukolezi wa vyote viwili. Hiyo ni SN2. Sasa weka makundi 3 ya methili kwenye kaboni hiyo, uiweke katika maji au alkoholi. Njia ya nyuma imezibwa. Bromini inatangulia kutoka, inaacha kabokationi ambayo makundi hayo ya methili yanaituliza, ndipo molekuli ya maji au alkoholi inapoingia. Hatua kuu ni 2, na kasi inategemea ukolezi wa kitu kimoja tu, kile chenye bromini. Hiyo ni SN1. Ukizielewa sababu hizo mbili, nafasi ya kupita na utulivu wa kabokationi, lile jedwali la SN1 na SN2 wanalolikariri wenzako utaliandika mwenyewe kutoka kichwani.

Kwenye kemia fizikia, alama nyingi hupotelea kwenye vizio. Dhana mwanafunzi anayo. Kwa mfano, utengenezaji wa amonia kutoka naitrojeni na haidrojeni, moli 2 za amonia, una ΔH ya karibu −92 kJ na ΔS ya karibu −198 J kwa kelvini. Tafuta ΔG kwenye 298 K. Aliyeona kwamba moja iko kwenye kilojuli na nyingine kwenye juli atagawa kwa 1000 na kupata −33 kJ. Asiyeona atapata chanya 58,900 na ushee, ataandika kJ mbele yake na kuhitimisha kwamba amonia haiwezi kutengenezwa, wakati viwanda vya mbolea duniani vinaitengeneza kila siku. Andika vizio kwenye kila mstari wa hesabu, usisubiri mstari wa mwisho. Angalia pia R unayotumia: 8.314 inakwenda na juli, 0.08206 inakwenda na lita na angahewa. Na ujue kwenye kalkuleta yako kitufe cha log ni kipi na cha ln ni kipi, kabla ya siku ya mtihani.

Inoganiki nitaipita haraka. Hesabu elektroni za d kwanza, kila mara, na ukumbuke kwamba metali za mpito zikigeuka ioni hupoteza za 4s kabla ya 3d, hivyo Fe²⁺ ni 3d⁶. Ukishaipata hiyo, maswali ya rangi na usumaku yanafunguka: ukiizungushia maji inabaki na elektroni 4 zisizo na mwenza, ukiizungushia sianidi zote zinapata wenza. Asiyehesabu d hubahatisha.

Kuna jambo la kwetu Tanzania ambalo vitabu vya ushauri vya nje havina. Wengi wetu tulisoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza tukaikuta yote kwa Kiingereza, na hapo tukajifunza tabia ya kukariri sentensi bila kuuliza inasema nini. Tabia hiyo ilitufikisha chuo, lakini chuoni inagonga ukuta. Dawa ninayoijua ni hii: kabla hujaandika maelezo kwa Kiingereza, yaseme kwa sauti kwa Kiswahili, kana kwamba unamwelewesha mdogo wako wa kidato cha nne. Kwa nini kuongeza joto kunaharakisha mmenyuko? Kwa nini asidi dhaifu haiachii haidrojeni yake yote? Ukishindwa kwa Kiswahili, tatizo si lugha, ni dhana, rudi ukaisome. Ukiweza, basi iandike kwa Kiingereza kifupi cha sentensi za maneno 10 au 12. Msahihishaji hakupi alama za ufasaha. Anatafuta kama umeona sababu na matokeo yake, na sentensi fupi inamwonyesha hilo bila kumchosha.

Diskasheni ni nzuri ikiendeshwa vizuri, na nyingi haziendeshwi vizuri. Watu 12 wamezunguka kimbweta, mmoja anayejua anaandika, 11 wananakili, saa 4 zimekwisha na kila mtu anaondoka ameridhika. Aliyesoma pale ni yule mmoja. Kaeni 4 au 5. Mkubaliane maswali tangu jana, kila mtu aje ameyajaribu peke yake, na aliyekwama ndiye ashike kalamu ubaoni huku wengine wakimuuliza maswali bila kumpokonya. Hii inataka heshima kati yenu, maana hakuna anayependa kuonekana hajui. Mkiwa na mwenzenu anayecheka wanaokosea, mwambieni mapema, au mtafute kundi jingine.

Mitihani ya miaka iliyopita iombe idarani, itafute maktaba, wafuate kaka na dada waliokutangulia. Usiitumie kubashiri maswali yatakayotoka. Wanaoishi kwa kubashiri huanguka mwaka ambao mhadhiri amebadilishwa. Itumie kujifunza namna idara yenu inavyouliza, na kujipima kwa saa. Kaa chini saa 3 kamili, simu iko chumba kingine, fanya karatasi nzima, kisha isahihishe kwa ukali. Ukifanya hivyo kwa karatasi 3 za kila somo, utaingia mtihanini ukiwa umekwisha kukutana na uchovu wa saa ya mwisho na kujua unavyokuathiri.

Sasa upige hesabu zako. Katika vyuo vingi vyetu kazi za muhula huwa na alama 40 na UE alama 60, lakini soma kanuni za chuo chako, kwa sababu vingine vina kiwango cha chini unachotakiwa kufikia kwenye UE yenyewe hata kama kazi za muhula ulifanya vizuri. Mwenye 26 kati ya 40 anahitaji 24 kati ya 60 ili afikishe jumla ya 50, tuseme ndiyo alama ya kufaulu chuoni kwako. Mwenye 15 anahitaji 35. Hawa wawili hawapaswi kugawa muda sawasawa. Orodhesha masomo yako yote, andika mbele ya kila moja alama ulizonazo na unazozihitaji, na muda wako mwingi uupeleke penye pengo kubwa. Najua mvuto ulivyo: tunapenda kukaa na somo tunaloliweza, kwa kuwa linatupa faraja. Faraja hiyo ndiyo inayotengeneza sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kuhusu kukesha nitasema wazi: acha. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi za umakini kama aliye na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 anakuwa kama mwenye asilimia 0.10. Hakuna ambaye angekunywa kisha akaingia kufanya hesabu za bafa, lakini kila muhula wanaingia watu waliokesha, macho mekundu, wanasoma 0.010 wanaandika 0.10. Usingizi ndio unaosaidia ubongo kuhifadhi ulichojifunza mchana. Lala saa 7, kula chakula cha kueleweka, hata kama bumu, ile fedha ya mkopo, limechelewa na inabidi mchangie sufuria moja chumbani.

Siku yenyewe fika mapema, na kitambulisho, namba ya mtihani, kalamu mbili na kalkuleta yenye betri nzima. Soma karatasi yote kwanza. Kama ni maswali 5 ya alama 20 kwa saa 3, ondoa dakika 10 za kusoma na 10 za kuhakiki, kila swali limebaki na dakika 32. Zikiisha, hama, hata kama unahisi umebakiza kidogo, kwa sababu alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuliko za mwisho za swali ulilokwamia. Anza na unaloliweza. Onyesha kila hatua: nikiona njia sahihi na tarakimu moja iliyokosewa, ninakata alama 1 au 2, nikiona jibu baya tupu bila njia, sina pa kukusaidia.

Na hili wengi hawalijui: ukishindwa sehemu (a), usiiache (b) inayoitegemea. Andika kwamba unachukulia thamani fulani, itaje, na uendelee nayo. Wasahihishaji wengi watakupa alama za (b) kwa njia uliyoifuata. Nimeona karatasi zilizoachwa wazi nusu nzima kwa sababu ya kukosa tarakimu moja mwanzoni, na inaniuma kila ninapoiona.

Ukiugua au ukifiwa, usijilazimishe kuingia kimya kimya ukitumaini kueleza baadaye. Andika barua ya kuahirisha kabla ya mtihani, ambatisha cheti cha hospitali, upitishe idarani na ubaki na nakala yenye muhuri. Ombi la kabla linasikilizwa. La baada ya matokeo mara nyingi halisikilizwi, hata likiwa la kweli tupu. Vivyo hivyo kuhusu ada: kama jina lako litazuiwa, nenda ofisini wiki kadhaa kabla, usisubiri kusimamishwa mlangoni.

Na ikitokea sapu, nenda kwa mhadhiri wako umwulize ni maswali gani yaliyokuangusha, uanze na hayo, kwa karatasi tupu. Wapo waliopata sapu ya kemia mwaka wa kwanza na leo wanaifundisha. Lakini ujue pia kwamba katika vyuo vingi atakayefaulu sapu hupewa C hata akipata alama za juu, na C hiyo inaingia kwenye GPA yako mpaka siku ya kuhitimu. Kwa hiyo leo jioni tafuta mtihani mmoja wa mwaka uliopita wa somo unaloliogopa kuliko yote, funga madesa, weka saa, uanze na swali la kwanza.